Ukubwa wa msimbo kwenye chipu ndogo: baiti zinakwenda wapi?

Ukibonyeza kitufe cha kukagua programu kwenye Arduino, ile programu ya kompyuta ya kuandikia msimbo wa bodi ndogo kama Uno, chini ya dirisha hutokea mstari unaosema umetumia baiti ngapi na hiyo ni asilimia ngapi ya nafasi yote. Blink, ile programu ya mazoezi ya kuwasha na kuzima taa, kwa matoleo mengi ya miaka ya karibuni huchukua baiti 924 kwenye Arduino Uno. Huo ndio ukubwa wa msimbo: nafasi ambayo programu yako inakalia ndani ya chipu baada ya kompaila kuigeuza kuwa lugha ya mashine.

Usichanganye na urefu wa faili ulilochapa. Maelezo uliyomwandikia mwenzako pembeni, majina marefu ya vigeu na mistari mitupu haviingii kwenye chipu kabisa. Mwanafunzi anayefupisha jina `jotoLaSasa` likawa `j` haokoi hata baiti moja, na amejinyima msimbo unaosomeka. Kinyume chake pia ni kweli: mstari mmoja mfupi unaweza kuvuta kilobaiti nzima nyuma yake bila wewe kuiona kwenye skrini. Ndiyo sababu nasisitiza dhana hii ieleweke kabla ya mtu kuanza kutafuta mbinu za kupunguza.

Kwa nini tujali? Uno inatumia chipu ya ATmega328P yenye flashi ya kilobaiti 32. Kati ya hizo, baiti 512 zimeshikwa na kile kiprogramu kinachopokea msimbo wako kupitia waya wa USB, hivyo unabaki na 32,256. Hiyo ni nafasi ya kutosha kwa mambo mengi. Lakini shuka hadi ATtiny85 na unakuta kilobaiti 8 za flashi na baiti 512 za RAM. Shuka tena hadi ATtiny13: flashi ya baiti 1,024, RAM ya baiti 64. Weka 924 kando ya 1,024 uone kazi ilivyo. Kompyuta ikijaa unaongeza kumbukumbu. Chipu iliyokwisha kuchomelewa kwenye bodi haiongezwi kitu.

Flashi na RAM ni vitu viwili, na wengi huvichanganya. Flashi ndiko programu inakokaa hata umeme ukikatika. RAM ndiko vigeu vinakoishi wakati programu inakimbia. Chombo kiitwacho `avr-size` hukupa safu tatu za namba: `text`, `data` na `bss`. Ya kwanza ni amri zenyewe pamoja na vitu visivyobadilika vilivyoagizwa vibaki kwenye flashi. Ya pili ni vigeu ulivyovipa thamani ya kuanzia. Ya tatu ni vigeu vinavyoanza na sifuri. Flashi inabeba ya kwanza na ya pili. RAM inabeba ya pili na ya tatu. Ona kwamba `data` inalipiwa mara mbili: thamani za kuanzia huhifadhiwa kwenye flashi, kisha chipu ikiwashwa hunakiliwa RAM. Maneno "Maji yamejaa" ni herufi 12 pamoja na nafasi iliyo katikati, na sifuri moja ya kufunga, jumla baiti 13. Usipochukua hatua yoyote kwenye AVR, familia ya chipu zote tatu tulizozitaja, maneno hayo huingia kwenye `data`, na unazitoa 13 kwenye flashi na 13 nyingine kwenye RAM. Ukiyafunga ndani ya `F()` unapoyachapisha, yanabaki kwenye flashi peke yake.

Sasa tuingie ndani kidogo, maana mfano mmoja unafundisha kuliko orodha ndefu.

Chukua mashine ndogo ya kutotolesha vifaranga. Inatakiwa kushika joto la takriban digrii 37.5 kwa siku 21 za mayai ya kuku. Kipimajoto chake ni thamista, kile kipande ambacho ukinzani wake hushuka joto linapopanda: omu 10,000 kwenye digrii 25. Juu yake kuna resista ya omu 10,000 iliyounganishwa na umeme wa chipu, thamista yenyewe imeshuka chini hadi ardhi, na chipu inasoma volti ya katikati kama namba kati ya 0 na 1,023. Kazi ya programu ni kuwasha balbu pakiwa na baridi na kuizima pakipata joto. Basi.

Karibu kila anayeanza huandika hivi: badilisha usomaji uwe ukinzani, weka ukinzani kwenye fomula yenye logi, toa 273.15 upate digrii za Selsiasi, halafu linganisha na 37.5. Hesabu ni sahihi. Lakini AVR haina sehemu ya kushughulikia namba zenye nukta. Kila jumla, kila kuzidisha, kila kugawanya na ile logi ni kipande cha programu ambacho kompaila inalazimika kukileta kutoka maktabani na kukitia ndani ya flashi yako. ATtiny13 haina hata amri ya kuzidisha namba nzima. Vipande hivyo kila kimoja kinakula baiti nyingi, na vikikutana pamoja vinaweza kukumalizia chipu kabla hujawasha balbu.

Jiulize: ni nani ndani ya hiyo mashine anayehitaji kujua digrii? Hakuna skrini. Kuku hasomi. Balbu inahitaji ndiyo au hapana. Basi fanya hesabu ya logi mara moja, wewe mwenyewe, kwa kikokotoo, kabla ya kuandika programu. Kwa thamista ya kawaida yenye beta ya 3950 (namba inayoonyesha ukinzani unavyobadilika kwa joto), digrii 37.5 inaangukia karibu na usomaji wa 378, na hapo kila namba moja ni takriban sehemu ya kumi ya digrii. Joto likipanda, namba inashuka. Kwa hiyo washa usomaji ukizidi 380, zima ukiwa chini ya 377, na joto litacheza kati ya takriban 37.3 na 37.6. Logi imetoweka, nukta zimetoweka, maktaba nzima haivutwi tena.

Vipi kuhusu usomaji unaorukaruka? Watu huchukua wastani wa sampuli 10, yaani wanagawanya kwa 10, na AVR haina amri ya kugawanya. Kuna kipande kingine cha maktaba kinaingia. Chukua sampuli 16 badala yake, na usigawanye kabisa. Jumla kubwa kabisa ni 16 mara 1,023, yaani 16,368, inayoenea vizuri kwenye kigeu cha biti 16. Linganisha jumla yenyewe:

```
uint16_t jumla = 0;
for (uint8_t i = 0; i < 16; i++) jumla += soma();
if (jumla > 6080) washa();
else if (jumla < 6032) zima();
```

6,080 ni 380 mara 16, na 6,032 ni 377 mara 16. Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Kilichopunguza msimbo ni kulitazama upya swali ambalo mashine inaulizwa, na swichi za kompaila bado hatujazigusa.

Angalia pia kigeu `i`, nilichokipa biti 8 (`uint8_t`). Rejista za AVR, vile visanduku vya ndani ambamo chipu hufanyia hesabu, ni za biti 8. Kujumlisha namba mbili za biti 8 ni amri moja; za biti 16 ni amri mbili; za biti 32 ni nne, na amri nyingi za AVR zina baiti mbili kila moja. Neno `int` kwenye kompaila hii ni biti 16, kwa hiyo anayehesabu hadi 16 kwa kutumia `int` anabeba mzigo mara mbili bila sababu. Kwa chipu za biti 32 kama Cortex-M ushauri huu haufai: kule rejista ni pana, na kigeu cha biti 8 wakati mwingine huongeza amri za kukata zile biti za juu. Ijue chipu yako kwanza.

Kompaila nayo ina mchango. GCC, kompaila inayotumika hapa, ikipewa `-Os` hutafuta msimbo mdogo kabla ya msimbo wa kasi, na Arduino inatumia hiyo tayari. Swichi za `-ffunction-sections` na `-fdata-sections` huweka kila fanksheni na kila kigeu kwenye kifungu chake, kisha `--gc-sections` humwambia muunganishaji, yule anayeunganisha vipande vyote kuwa programu moja, atupe vifungu ambavyo hakuna anayeviita. Bila jozi hiyo, fanksheni moja ikitumika inaweza kuja na majirani zake wote wa faili lile. Kisha kuna `-flto`, inayoiwezesha kompaila kuitazama programu nzima kwa pamoja badala ya faili moja moja. Zijaribu, kisha upime, kwa sababu zipo programu ambazo swichi fulani huzinenepesha.

Sehemu nyingine inayokula nafasi ni maktaba za starehe. `digitalWrite`, fanksheni ya kuwasha au kuzima mguu wa chipu, ni mfano mzuri. Ukiandika `digitalWrite(13, HIGH)`, programu inatafuta kwenye majedwali namba 13 ni mguu upi wa chipu, inakagua kama mguu huo unatumiwa na saa ya ndani, inazuia mikatizo (matukio yanayoisimamisha programu kwa muda), inaandika, inarudisha. Kwenye Uno mguu huo ni biti ya 5 ya bandari B. Andika `PORTB |= (1 << 5)` na kompaila inatoa amri moja tu, `sbi`, baiti mbili. Hiyo haina maana kwamba `digitalWrite` ni mbaya: inakuwezesha kuhamisha programu kwenye bodi nyingine bila kuifumua. Unanunua urahisi kwa baiti, na kwenye chipu ya kilobaiti 32 mimi huwa nanunua.

`printf`, fanksheni ya C ya kuchapisha maandishi na namba, ni ghali zaidi. Kwenye AVR injini yake huongeza karibu kilobaiti moja na nusu, hata ukiitumia kuandika namba moja tu, kwa kuwa lazima iwe tayari kwa kila aina ya umbo. Maktaba ya AVR ina injini tatu: ndogo, ya kawaida, na kubwa inayojua namba zenye nukta. Ya kawaida haijui nukta, ndiyo maana watu huomba joto kwa `%f` wakaletewa alama ya kuuliza. Kwa Cortex-M, kuunganisha na `nano.specs` huleta toleo lililopunguzwa la maktaba ya C, na tofauti inaonekana mara moja.

Hata programu tupu ya Uno ina baiti 444. Jedwali la mikatizo peke yake ni nafasi 26 za baiti 4, yaani 104, na zinazobaki ni pamoja na maandalizi ya chipu na ile saa inayoendesha `millis()`, fanksheni ya kuhesabu milisekunde.

Kabla ya kukata chochote, pima. `avr-nm --size-sort` hukupangia fanksheni kutoka ndogo hadi kubwa, na mara nyingi zile za chini kabisa ya orodha ni majina ambayo hukuyaandika wewe. Ukikuta `log` au `vfprintf` pale, umempata mgeni wako. Na msimbo ukishatosha kwenye chipu, acha. Programu inayojaza asilimia 95 ya flashi inafanya kazi sawasawa na inayojaza 40. RAM ndiyo ya kuachiwa nafasi, kwa kuwa rundo la fanksheni hukua humo wakati programu inakimbia, na likigongana na vigeu chipu inachanganyikiwa bila onyo.

Kuna kitu kimoja nisichokikata kwenye ile mashine ya vifaranga. Waya wa thamista ukikatika, volti ya katikati inapanda hadi juu na usomaji unakuwa 1,023. Kwa programu ile niliyoandika, hiyo ni baridi kali, na balbu itabaki imewaka hadi mayai yaive. Sharti moja linalowekwa mbele ya mengine, kwamba jumla ikizidi 16,000 balbu izimwe, ni amri chache tu. Waya ukikatika usiku, mayai yanapoa polepole, na mwenyewe akiamka bado ana muda wa kuuchomelea.