Transista kubwa haiongezi sauti

Amplifaya ya volti 12, spika ya omu 8, na fundi kachomoa transista za mwisho akapachika transista kubwa, 2SC5200 na 2SA1943, "ili ipige zaidi". Haitapiga zaidi! Nguvu inatoka kwenye betri. Transista inaiachia tu ipite kwa kufuata ishara ndogo ya muziki inayoingia kwenye besi, yaani mguu wake wa kuongozea. Koki haizalishi maji.

Piga hesabu. Kwa volti 12 wimbi linapanda volti 6 na kushuka 6, mwisho. Kwenye omu 8 hizo ni wati 2.25, na ukitoa volti moja inayopotea kila upande unabaki na wati 1.5 hivi. Unataka zaidi? Weka spika ya omu 4 kama saketi inaihimili, pandisha volti, au unganisha amplifaya mbili kinyume, spika ikae katikati.

Kinachobadilika ni bayasi, yaani volti ndogo ya kwenye besi inayoiacha transista wazi kidogo muda wote, na hapo ndipo vitu vinaungua. Kwa volti ile ile ya besi, transista kubwa kwa kawaida hupitisha mkondo mkubwa zaidi hata muziki ukiwa umezimwa. Halafu kuna joto: kila digrii moja ikipanda, volti inayohitajika kati ya besi na emita (mguu wa kutolea mkondo) inashuka karibu milivolti 2. Asubuhi ya Juni pale Uyole, kwenye baridi ya Mbeya, muziki ukipigwa kwa sauti ndogo unakwaruza, fundi anaongeza bayasi mpaka inakuwa safi, anafunga kava. Amplifaya ikiteremshwa Kyela, bondeni kwenye joto, tuseme joto limezidi kwa digrii 20, hizo ni milivolti 40. Bila rizista za emita, na bayasi ikibaki ile ile, mkondo unapanda zaidi ya mara nne, unaongeza joto, joto linaongeza mkondo, mpaka transista inakufa.

Kwa hiyo transista ya bayasi, ile inayopanga volti hiyo, ifungwe kwenye hitisinki (bati la kupoozea) ile ile ya transista za mwisho, kwa maika (kipande chembamba cha kuzuia umeme) na grisi ya kupitisha joto, ili ikipata moto ishushe bayasi. Kuining'iniza hewani ni kosa. Weka rizista ya omu 0.22 kwenye kila emita. Anza na bayasi ya chini kabisa, washa bila muziki, subiri dakika 15, ndipo upime ncha za rizista moja: milivolti 10 ni miliampea 45. Vipo vitabu vinavyotaka karibu milivolti 26. Mimi kati ya 10 na 20 sisikii tofauti, kwa hiyo naacha 10, kisha napima tena hitisinki ikishapata moto.