Passau: Acheni Kuisingizia Danube Peke Yake

Kila mvua kubwa inapoipiga Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, simu yangu hujaa picha zilezile: barabara za Passau zimezama, duka limefunikwa hadi kwenye kitasa cha mlango, na chini yake mtu ameandika kwamba Danube imefurika tena. Juzi nimesoma maelezo ya msafiri mmoja aliyeuita Passau mji wa Danube wenye vijito viwili pembeni. Vijito! Mimi ni mtu wa haidrolojia, maji ya mito ndiyo kazi yangu, na hilo la kuuita mto Inn, mmoja wa hao wawili, kijito limenichosha. Ndugu zangu, leo tulimalize.

Passau ni mji wa watu kama 50,000, mpakani mwa Ujerumani na Austria. Danube inatoka magharibi, Inn kusini, Ilz kaskazini, na yote mitatu inakutana kwenye ncha ya Mji Mkongwe. Ilz tuuache: ni mdogo, maji yake meusi kwa sababu ya mboji ya misitu ya Bavaria, unapendeza kwenye picha na basi. Ugomvi uko kwa hao wawili wakubwa. Kwa wastani wa mwaka Inn huleta takriban mita za ujazo 740 kwa sekunde, Danube kama 690. Kwa hiyo mnayemwita kijito ndiye mwenye maji mengi zaidi. Danube imebaki na jina kwa kuwa imetoka mbali zaidi, na jina likishakaa halibanduki.

Hata hivyo huo wastani nao unadanganya. Wakati wa baridi theluji imelala juu ya Alps, Inn unanywea, na Danube inatangulia. Kuanzia Mei theluji inayeyuka, Inn unapanda, rangi yake inakuwa ya kijani iliyopauka kwa vumbi la mawe yaliyosagwa na barafu za milimani. Ukisimama pale kwenye ncha mwezi wa Juni unaona mpaka wa rangi kati ya mito miwili, na utaona wazi kwamba Inn ndio unaosukuma.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Jumba la Mji liko upande wa Danube. Maji yanayoingia pale, kwenye picha zenu zote, ni maji ya Danube kweli. Lakini kuwa maji ya Danube si kusema kwamba Danube ndiyo iliyoleta mafuriko. Inn unateremka kutoka milimani kwa kasi, na wimbi lake likifika kwenye makutano linaziba njia. Danube inakosa pa kutokea, inarundikana nyuma ya makutano, na kima cha maji kinapanda kwenye gati la Mji Mkongwe hata kama yenyewe haijaleta maji ya kutisha. Mwenye duka anachota maji ya Danube sebuleni kwake kwa sababu ya mvua iliyonyesha Tirol, kule kwenye milima ya Austria. Ndiyo maana picha moja ya barabara iliyozama haiwezi kukuambia ni mto gani wenye kosa.

Tarehe 3 Juni 2013 mito yote miwili ilijaa kwa pamoja. Mei ilikuwa ya mvua tupu, ardhi imeshiba, haina pa kuweka tone jingine. Kima kwenye kipimo cha Danube kilifika mita 12.89. Chini ya makutano, pale Achleiten, yalipita takriban mita za ujazo 10,000 kwa sekunde, karibu mara saba ya kawaida. Juni 2024 hali ilikuwa tofauti: mvua ilikuwa imevipiga mno vijito vinavyoingia Danube kutoka kusini, huko Swabia na Bavaria, kwa hiyo mara hiyo Danube ilikuwa na sehemu kubwa ya lawama, na kima kikakaribia mita 10. Sisemi Inn ndio mkosaji kila mara. Nasema mkosaji atajwe baada ya kuangalia vipimo.

Na vipimo vyenyewe vina aibu yake. Vitabu vinaandika kwamba mafuriko ya 1501 yalifika mita 13.20, halafu vinapanga 1501, 2013 na 1954 (mita 12.20) kwenye mstari mmoja kama matokeo ya mbio. Mimi sikubaliani na utulivu huo. Ile ya 1501 imekadiriwa kutokana na alama za ukutani, na alama hupakwa rangi upya, kuta hujengwa upya. Mto wenyewe si ule: bwawa la Kachlet juu ya mji lilikamilika 1927, la Jochenstein chini yake 1956. Kujua kwamba 1501 yalikuwa mafuriko makubwa sana kunatosha. Desimali mbili ni ujasiri usio na msingi.

"Kwa nini basi wasihame?" Kwa sababu mji umeletwa na mito hiyohiyo. Chumvi ya Hallein, mji wa Austria, ilishuka kwa mashua kupitia mito ya Salzach na Inn, ikapakuliwa Passau, ikavushwa upande wa Ilz, ikapandishwa mgongoni mwa wanyama kwenye Njia ya Dhahabu, njia ya kale ya biashara, hadi Prachatitz, Bohemia (leo ni Jamhuri ya Czech). Maaskofu watawala wa Passau walitajirikia hapo, mpaka mwishoni mwa karne ya 16 Bavaria, wakati huo dola jirani, ilipojitwalia biashara ile. Angalieni: utajiri ule uliteremka na Inn.

Waliobaki wamejifunza kuishi nayo. Bidhaa za ghorofa ya chini zinapandishwa juu mapema, madaraja ya mbao yanawekwa barabarani. Kazi kubwa huanza maji yakishuka. Tope la Inn ni laini kama unga, na likikauka linashika sakafu na kuta, kwa hiyo lazima lisukumwe nje kwa mipira ya maji na majembe likiwa bado bichi, maji yakirudi hatua kwa hatua. Mwaka 2013 maji ya bomba nayo yalikatwa mjini. Chuo Kikuu, kilichofunguliwa 1978, kilisimamisha masomo, na wanafunzi wakajipanga kupitia Facebook wakaingia na ndoo kwenye vyumba vya chini vya watu wasiowajua. Hilo nalo ni historia ya mji, sawa na maaskofu.

Mara nyingine mvua ikipiga, kabla hamjaandika lolote, fungueni ukurasa wa idara ya mafuriko ya Bavaria na mtazame vituo viwili vya kupimia kima cha maji. Hofkirchen ni Danube, juu ya mji. Passau Ingling ni Inn. Ingling ukipanda ghafla huku Hofkirchen imetulia, mji una saa chache tu za kuhamisha vitu. Hofkirchen ikipanda polepole, muda ni mrefu zaidi. Vikipanda vyote viwili, mwenye ndugu kule ampigie simu saa hiyohiyo.