Zinki Isiyoliwa Hailindi Chochote

Wiki iliyopita mwenye meli mmoja wa hapa Goma aliniita nikague meli yake iliyokuwa imepandishwa nchi kavu, na kabla hata sijafungua mfuko wa vifaa alinivuta hadi nyuma, karibu na usukani, akanionyesha zinki zake, vile vipande vya metali vinavyofungwa kwenye chuma cha meli ili kisiliwe na kutu, kwa fahari ya mzazi ambaye mtoto wake amefaulu mtihani. "Fundi, angalia," alisema, "huu ni mwaka wa tatu na bado ni nzima kabisa. Hii ndiyo zinki ya kweli." Maneno hayo nimeyasikia kwa wenye meli wengi mno, na safari hii nimeona heri niyajibu kwa maandishi.

Zinki huwekwa ili iliwe. Chuma kilichozama majini huyeyuka polepole kwa kuachia elektroni zake. Ukikiunganisha na metali iliyo nyepesi zaidi kuziachia, metali hiyo ndiyo huyeyuka na chuma hupumzika. Hesabu yake haina huruma: mkondo wa ampea 1 ukitiririka mwaka mzima humaliza karibu kilo 11 za zinki. Kwa hiyo zinki ambayo kwa miaka mitatu haijapungua kitu haikutoa mkondo wowote, na ulinzi wenyewe ni huo mkondo. Meli ya mzee huyu ilikuwa ikilindwa na rangi peke yake, na pale rangi ilipochubuka haikulindwa na chochote.

Wakati mwingine sababu ni ya aibu tu: kijana wa rangi alikuwa na bidii akazipaka zinki pia, au zilifungwa kwa bolti juu ya kutu, hivyo metali mbili hazigusani. Hayo hurekebishwa kwa saa moja. Sababu inayonichosha ni nyingine, nayo ni kununua dawa ya bahari na kuitia ziwani.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na ya juu ya Ziwa Kivu yana gramu 1 hivi. Mkondo hupita kwa shida katika maji ya namna hiyo, na zinki haina nguvu nyingi za kuusukuma, kwa kuwa tofauti yake na chuma kilicholindwa ni robo ya volti tu. Tena maji yetu yana alkali, pH yake inakaribia 9, na yamejaa bikaboneti. Zinki ikikaa humo hujivika ngozi ngumu yenye weupe, ikalala usingizi. Baharini kloridi, iliyomo katika chumvi, husaidia kuichana ngozi hiyo. Hapa kloridi ni chache.

Najua atatokea wa kusema kwamba mahali pasipo na chumvi hapana kutu. Kutu hutaka maji na oksijeni. Chumvi huiharakisha tu. Anayebisha ayaulize mabati ya nyumba zetu, ambayo mvua iliyopita katika moshi wa Nyiragongo huyatoboa ingawa bahari hayajapata kuiona.

Vitabu husema kwamba kwenye maji matamu uweke magnesi badala ya zinki, na kwa kweli nguvu yake ya kusukuma mkondo ni karibu mara tatu ya ile ya zinki. Ila Kivu si maji matamu ya vitabuni wala si bahari, na hapo ndipo ninapokosa uhakika ambao majedwali huuonyesha. Niliwahi kufunga magnesi kwenye mashua moja, na baada ya miezi minane rangi iliyozizunguka ilikuwa imevimba malengelenge, kwa sababu ulinzi uliopita kiasi huzalisha alkali na hidrojeni juu ya chuma na kuibandua rangi. Si jambo geni kwamba ulinzi huja na madhara yake: mwaka 1824 mkemia Mwingereza Humphry Davy alilinda shaba iliyofunika meli za kivita za Uingereza kwa vipande vya chuma, shaba ikaacha kuyeyuka kama alivyotaka, na papo hapo kombe na magugu yakaishambulia, kwa maana ile shaba iliyokuwa ikiyeyuka ndiyo iliyokuwa ikiyaua. Siku hizi natumia magnesi chache, nakifunika chuma kinachozizunguka kwa ngao ya epoksi, na bado kila meli naikaribia kwa wasiwasi. Aluminiamu siiamini hapa, kwani nayo huhitaji kloridi ili iwe macho.

Kwa hiyo pimeni, msikisie. Voltimita ya kawaida na elektrodi ya kulinganishia, ya shaba katika salfeti ya shaba, vinatosha: chuma kikisoma volti −0.85 au chini zaidi, kinalindwa. Ile elektrodi ya fedha inayotumika baharini muiache huko huko, maana usomaji wake hubadilika kulingana na kloridi iliyomo majini. Meli ya mzee iliporudishwa majini ilisoma −0.62, pamoja na zinki zake zote nzuri.

Unene wa bamba nao una mtego. Kipimo cha mawimbi ya sauti kimewekwa kwa kasi ya sauti ndani ya chuma, na sauti hutembea taratibu zaidi ndani ya rangi, hivyo milimita 1 ya rangi huhesabiwa kama milimita 2 na zaidi za chuma. Bamba lililokuwa la milimita 8 siku meli ilipoundwa lilisoma 7.6, mzee akatabasamu. Tulipokwangua rangi likasoma 5.2. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama zile zinki, maadamu ni nzima, anaweza kuziuza. Nilimwambia anaweza, akimpata mnunuzi wa Mombasa.