Kisima Hakisomi Ubao

Wiki iliyopita kijana mmoja niliyemfundisha kozi ya kudhibiti kisima cha mafuta na gesi alinitumia picha. Amesimama langoni kwenye rigi yao, yaani mtambo wa kuchimbia, helmeti kichwani, na nyuma yake ubao mkubwa: SIKU 1,000 BILA AJALI. Chini ya picha kaandika: "Shikamoo mwalimu. Wakaguzi nao wamepita juzi, hawakuona kosa hata moja. Sasa hapa tuko salama kabisa."

Nikaitikia marahaba, nikampongeza, nikaweka simu chini, maana nilijua nikiendelea nitaandika kwa hasira. Maneno hayo nimeyasikia kwa mameneja, kwa maofisa wa serikali na kwa waandishi wa habari wanaotembezwa mtamboni wakiwa na buti za kuazima. Miaka yote nimeyajibu kwa upole. Leo nayajibu kwa kirefu.

Ubao ule unahesabu kitu kimoja: siku ambazo hakuna aliyeumia kiasi cha kushindwa kuingia zamu inayofuata. Vidole, mgongo, macho, kuteleza ngazini. Sidharau hayo. Nimewahi kumbeba mwenzangu aliyeacha vidole viwili kwenye tongi, lile koleo kubwa la kukazia mabomba, na sauti yake bado ninayo masikioni. Lakini kinachokizuia kisima kisilipuke ni uzito wa tope la kuchimbia linalokandamiza presha ya chini, saruji iliyoshika, na BOP, yaani mtambo wa vali za kuziba mdomo wa kisima, inayofunga pale inapotakiwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa langoni.

Mfano mkubwa kila mtu wa kazi hii anaujua, ila naona tunausimulia kama vile ulikuwa uzembe wa watu wachache. Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, mabosi wanne wa BP, wenye kisima, na Transocean, wenye rigi, walitua kwa helikopta juu ya Deepwater Horizon. Rigi ilikuwa imemaliza miaka 7 bila ajali ya kumlaza mtu nje ya kazi, na pongezi zilikuwa sehemu ya ziara. Mapema mwezi huohuo mkaguzi wa serikali alikuwa amepita na hakuandika kosa. Mabosi wale walizunguka, wakauliza habari za mikono, za kuteleza, za mikanda ya kupandia mnarani. Waliingia hadi kibanda cha drila, anayeendesha uchimbaji, wakati watu wa zamu wanabishana kuhusu jaribio la presha hasi, lile la kupunguza uzito juu ya kisima ili kuona kama saruji imeziba. Waliona kuna mkanganyiko, wakaacha wakubwa wa rigi nyuma wasaidie, ziara ikaendelea. Baadaye mmoja wao akauliza jaribio limekwendaje. Akaoneshwa kidole gumba.

Jaribio lenyewe lilikuwa limeshatoa jibu. Bomba la kuchimbia lilisoma presha ya psi 1,400, na mrija wa pembeni ulisoma sifuri. Ukishaondoa tope zito na kisima bado kinasukuma, saruji ya chini haijaziba. Wakakubaliana na maelezo ya "kibofu", kwamba tope zito lililobaki kwenye raiza, bomba linalounganisha kisima na rigi, linaubonyeza mpira wa BOP na kupeleka presha chini. Kabla ya saa 2 usiku jaribio likahesabiwa limefaulu. Saa 3:49 usiku mtambo ukalipuka. Kati ya watu 126 waliokuwa juu, 11 walikufa, na kisima kikaendelea kumwaga kwa siku 87.

Hapa ndipo wapenda vyeti wanaponikera. Kanuni za Marekani za wakati ule hazikulazimisha jaribio la presha hasi lifanywe. Hazikusema lifanywe vipi, wala matokeo yasomwe vipi. Hata mkaguzi angekuwa amesimama kibandani saa ileile na makaratasi yake yote, asingekuwa na mahali pa kuandika kosa. Orodha ya ukaguzi inajua maswali ya ajali zilizopita tu. Halafu tunashangaa rigi iliyofaulu ukaguzi imeungua.

Wenzangu wengine hunijibu kwa piramidi ya Heinrich, mtaalamu wa usalama kazini, ile ya 1931: ajali moja kubwa, ndogo 29, matukio 300 yasiyoumiza mtu. Kila kozi inaichora ubaoni. Kisha mwalimu anahitimisha kwamba ukipunguza majeraha ya vidole utakuwa umepunguza milipuko. Hapana. Kidole na mlipuko havina shina moja. Mtu anaweza kushika mkono wa ngazi maisha yake yote na asijue kusoma psi 1,400. Tukio la chupuchupu linaonya juu ya mlipuko pale tu linapotokana na kisima chenyewe: tope limerudi zaidi ya lilivyoingia, vali imechelewa kufunga, saruji imepimwa ikasomwa kimatumaini.

Na hesabu yenyewe ya ubaoni, inavyopikwa! Mahali fulani nilipofanya kazi zamani, kijana alipasuliwa kiganja na waya. Daktari alisema apumzike siku tano. Asubuhi gari likamfuata nyumbani, akaketishwa ofisini kupanga mafaili kwa mkono mmoja. Kwa kuwa ameonekana kazini, hajapoteza zamu. Ubao ukaongeza siku. Mwezi ule tulikuwa tumeahidiwa bonasi tukifika siku 500. Wenzake walikuwa wakimwambia usoni, "Usituharibie." Ukiweka fedha juu ya namba ile, majeruhi anageuka adui wa zamu nzima, na anayefuata kuumia atajifunga kitambaa na kunyamaza.

Sasa ukaguzi. Nitasimulia usiku mmoja, kwenye rigi ya nchi kavu, kampuni siitaji. Mkaguzi alikuwa anakuja Jumanne na tulijua tangu Ijumaa. Reli za ngazi zikapakwa rangi ya njano. Kazi ya kutoa mabomba kisimani, ambayo ndiyo kazi ya hatari kuliko zote wiki ile, ikasogezwa hadi atakapoondoka. Mkaguzi alikuwa mtu makini, sina neno naye. Aliangalia mitungi ya kuzimia moto, sanduku la huduma ya kwanza, bomba la kuoshea macho, vibali vya kazi. Aliandika upungufu mmoja: alama ya njia ya kutokea imefifia. Tukampa chai, akaaga.

Saa 8 usiku tukaanza kutoa mabomba. Kipimo cha tangi la tope kilionesha kila kitu kimetulia. Kijana wa tangi, mgeni kazini, alichungulia kwa tochi akaona tope limepanda juu ya alama. Akamwambia drila. Drila akaangalia skrini, akamwambia rudi kazini. Yule kijana alirudi mara ya pili, na mara ya tatu alikuja anakimbia. Kisima kikafungwa. Mapipa kadhaa ya gesi na mafuta yalikuwa yameshaingia kisimani. Kilichotudanganya ni boya la kipimo: lilikuwa limekwama, na kumbukumbu zilionesha lilikuwa hivyo kwa muda wa wiki mbili, yaani hata siku ya ukaguzi. Lilikuwa limekwama wakati mkaguzi anapita mita tatu kutoka hapo akitazama mtungi wa moto.

Hakuna aliyeumia. Asubuhi ubao uliongezwa siku moja kama kawaida.

Simlaumu mkaguzi yule. Ninachosema ni kwamba siku ya ukaguzi ndiyo siku ambayo rigi haifanani na yenyewe. Kazi ngumu imesogezwa, drila bora ndiye aliye zamu. Mkaguzi wa baharini ana tabu zaidi, kwani mara nyingi niliona jina lake kwenye orodha ya helikopta kabla hajatoka nyumbani kwake.

Piper Alpha, mtambo wa mafuta wa Uingereza katika Bahari ya Kaskazini, ni hivyohivyo. Mwaka 1987 mfanyakazi alifia humo, na kasoro za vibali na makabidhiano ya zamu zilijulikana. Mkaguzi wa serikali alikwenda tena Juni 1988. Tarehe 6 Julai 1988 zamu ya usiku iliwasha pampu bila kujua vali yake ya usalama imetolewa. Kibali kilikuwepo, ila habari haikuwafikia. Watu 167 walikufa. Lord Cullen, jaji aliyechunguza ajali ile, katika ripoti yake ya 1990 alisema ukaguzi ule ulikuwa wa juujuu mno, kiasi cha kutofaa kupima usimamizi wa usalama. Vibali vilikuwepo. Kukagua kwamba karatasi ipo ni kazi ya dakika mbili. Kukagua kama zamu ya usiku inajua kilichofanywa mchana kunataka ukae mpaka usiku.

Kuhusu taasisi nitapita haraka. Waingereza waliutoa usalama wa baharini kwenye wizara ya nishati mwaka 1991. Wamarekani waliivunja MMS, wakala wao wa serikali uliokuwa ikikusanya mrabaha na kusimamia usalama kwa mikono ileile. Kwetu Tanzania OSHA, wakala wa usalama kazini, inafanya kazi chini ya sheria ya 2003, na PURA, msimamizi wa utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi, ilizaliwa na Sheria ya Petroli ya 2015. Mmoja akipita, kazi ya mwingine haijaisha.

Nikiulizwa tupime nini badala ya siku, jibu langu lina matundu. Ningetaka kuona dakika zilizopita kati ya kisima kuanza kusukuma na kufungwa, mapipa yaliyoingia, vipimo vilivyokutwa vibovu, matengenezo ya BOP yaliyochelewa, na mara ngapi drila alisimamisha kazi. Lakini hata hizo zikigeuzwa shabaha zitapikwa. Nimeona kadi za kuripoti hatari zikiwekewa idadi, mbili kwa mtu kwa wiki, na jioni ya mwisho watu wamekaa mesini wanatunga hatari za vikombe vya chai. Mfumo alioupendekeza Cullen, wa kampuni kuthibitisha yenyewe kwamba inazijua hatari zake, naukubali kwa moyo wote, lakini nimefungua majalada manene ambayo hakuna mtu wa zamu aliyewahi kuyagusa. Na wakaguzi wazuri niliowajua, wengi wameshaajiriwa na makampuni. Hili sijui linatibiwaje kwa mishahara ya serikali.

Jana nimemwandikia tena yule kijana wa picha. Sikumwambia aung'oe ubao. Nimemuuliza maswali mawili: mara ya mwisho drila wenu alifunga kisima kwa wasiwasi, ikaonekana hakukuwa na kitu, ilikuwa lini? Na asubuhi yake bosi alimwambia nini?

Ujumbe umesomwa. Namsubiri anijibu.