Utume wa Paulo: anzia Wagalatia, si Dameski

Kila mihadhara ya Kiislamu inapopita Kirumba au Igoma, makatekista ninaowafundisha Agano Jipya hapa Mwanza hurudi na swali lilelile: "Mwalimu, Paulo alipewa utume na nani, naye hakumfuata Yesu hata siku moja?" Na wameshasomewa Warumi 3:7, ati Paulo amekiri uongo wake.

Hilo la Warumi lisitupotezee muda. Paulo anaweka hoja ya mpinzani ili aijibu. Mstari wa 5 umetangulia kusema ananena kibinadamu, na wa 8 unalalamika kwamba watu wanamsingizia.

Swali la utume ni zito, na ni kongwe kuliko Uislamu. Karibu mwaka 180 askofu Irenaeus aliandika kuhusu Waebioni, Wakristo walioshika desturi za Kiyahudi, wakitumia Injili ya Mathayo peke yake na kumwita Paulo mwasi wa Torati. Epiphanius, askofu wa karne ya 4, anaeleza walivyomsimulia: eti alikuwa Mgiriki, akatahiriwa ili amwoe binti wa kuhani, alipomkosa akaanza kuipiga vita tohara na sabato. Udaku haukuanza leo. Maandishi mengine yaliyobandikwa jina la Klementi, askofu wa kale wa Rumi, yanamwonyesha Petro akimbana Simoni mchawi: aliyeona maono tu atawafundishaje waliokaa na Yesu? Wataalamu wengi wanaona anayelengwa pale ni Paulo. Kwa hiyo Abd al-Jabbar, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1025, alipomlaumu Paulo kwa kuigeuza dini ya Masihi iwe ya Kirumi, njia ilikuwa imeshafyekwa.

Wengi wetu hukimbilia maono ya Dameski, Paulo alipotokewa na Yesu njiani. Mimi siwashauri. Mpinzani atauliza palepale kwa nini Matendo 9:7 inasema wenzake walisikia sauti na 22:9 inasema hawakuisikia, na jioni yote itaishia hapo.

Anzia Wagalatia, barua ambayo hata wahakiki wasioamini wanakubali ni ya Paulo. Makanisa yale yalikuwa yameshaingiliwa na walimu waliodai tohara. Mbele ya wasomaji hao Paulo anasema alikaa kwa Petro siku 15, akamwona na Yakobo ndugu wa Bwana, na anaapa kwamba hasemi uongo. Anasema pia kwamba baadaye Yakobo, Petro na Yohana walimpa mkono wa kuume wa ushirika. Ni kama mtu wa Sengerema aseme alilala kwa mzee fulani wa Mwanza, huku akijua wanaompinga wanavuka na kivuko cha Kamanga kila asubuhi. Uongo wa namna hiyo haudumu wiki. Tena anaeleza alivyomkemea Petro hadharani kule Antiokia, wala hasemi kama Petro alikubali! Anayejitungia sifa asingeliacha jambo hilo likining'inia.

Sasa fungua Qurani 3:52 na 61:14. Hawariyuna wa Isa, yaani wanafunzi wake wa karibu, wanaitwa wasaidizi wa Mwenyezi Mungu. Basi mhadhiri atueleze: watu hao walidanganywaje na mtu waliyeonana naye uso kwa uso? Hoja hii haitamfanya aukubali Ukristo, lakini inamlazimu atoke kwa Paulo aje kwa Petro na Yakobo, ambako wengi hawapendi kufika.

Wala si Waislamu wote wa kale waliomwona Paulo mharibifu. Ibn Ishaq, katika sira (wasifu) ya Mtume Muhammad, anamtaja akiwa na Petro katika safari ya kupeleka ujumbe Rumi, akieleza kwamba alikuwa mfuasi, si hawari. Hapo hatugombani sana. Kwa sharti la Matendo 1:21-22, kwamba mtu awe amefuatana na Yesu tangu mwanzo, Paulo hakuwa mmoja wa wale Kumi na Wawili, na hakudai kuwa. Barnaba naye hakuwamo, ila Matendo 14:14 inawaita wote wawili mitume.