Je, wajua? CD ya Windows ikipotea, leseni haipotei nayo

Kwa miaka mingi niliamini kwamba CD ya Windows ndiyo Windows yenyewe, na ikipotea umekula hasara. Yangu ya Windows 7 (DVD kwa kweli, ila zote tuliziita CD) ilipotea tulipohama nyumba, nikamlipa fundi anitafutie "orijino" nyingine. Alikuja na CD yake, akapiga Windows, halafu akaigeuza laptopu kifudifudi na kunakili ufunguo wa Windows, herufi 25, kutoka kwenye stika ya tumboni. Ufunguo wangu ukakubaliwa na CD ya mtu mwingine, na mimi wala sikushtuka.

Ulikubaliwa kwa sababu kwenye CD ile hamkuwa na kitu cha mtu. CD za toleo moja ni kama sahani za seti moja: zimebeba mafaili ya kusakinishia, basi. Unachonunua ni ruhusa, na ufunguo ndio alama yake. Ndiyo maana Microsoft inamwacha yeyote apakue Windows 11 bure kwenye tovuti yake na kuiweka kwenye flashi ya GB 8. Kosa langu, hata hivyo, lilikuwa na chembe ya ukweli. Enzi za Windows XP, CD iliyokuja na kompyuta mpya na ile ya dukani zilitofautiana kidogo, na ufunguo wa moja ungeweza kukataliwa na nyingine. Hata leo ufunguo wa toleo la Home hauwezi kuamilisha, yaani kuidhinisha, toleo la Pro.

Swali tamu zaidi ni hili: CD haina orodha ya funguo zote, na intaneti bado haijaunganishwa. Basi inajuaje kwamba ulichoandika si cha kubuni?

Windows 95 ilitumia hesabu ya shule ya msingi. Ufunguo wa dukani ulikuwa tarakimu tatu, kistari, kisha saba. Jumla ya zile saba ilitakiwa igawanyike kwa 7 bila baki. Jaribu 111-1111111: moja mara saba ni saba. Ndiyo, ulipita.

XP ya mwaka 2001 haikuchezewa hivyo. Chukua barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Karani yeyote anautambua muhuri, lakini wa kuugonga ni yule mwenye nao ofisini. Ufunguo wa XP ulibeba namba pamoja na saini ya kihisabati. CD ilikuwa na njia ya kuitambua saini, ila kifaa cha kuigongea kilibaki Microsoft. Ukibahatisha herufi, unachora muhuri kwa kalamu ya wino.

Ila muhuri halisi haukatazi mtu kutoa fotokopi. Hapo ndipo ulipoingia uamilishaji, ulioanza kwenye Windows na XP hiyohiyo kwa wanunuzi wa kawaida: tiketi ya mpira inaweza kuwa halali kabisa, lakini mlangoni wanaichana. Kompyuta hupeleka taarifa Microsoft, na ufunguo uliokwisha kutumika mahali pengi hukataliwa.

Laptopu zilizotoka kiwandani na Windows 8 na kuendelea kwa kawaida hubeba ufunguo ndani ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), na ukisakinisha upya toleo lilelile unasomwa wenyewe. Ukibadilisha mazabodi, huenda ukaonekana mgeni.

Kwa wenye stika za zamani zilizofifia: hadi Windows 7, funguo hizi za herufi 25 zilitumia alama 24 tu. Hamna A, E, I, O wala U, hamna L, N, S wala Z, hamna 0, 1 wala 5. Inaelekea nia ilikuwa kuondoa zinazofanana, ingawa B na 8 waliziacha zote mbili, sijui kwa huruma gani. Kwa hiyo ukiona S kwenye stika yako, si S. Mimi niliiandika mara tatu, ikakataliwa mara tatu. Ilikuwa 8.