Alama 4 za baba aliyesema yuko sawa

Natoa ushauri wa afya ya akili kwenye CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba kwa wanaoishi na VVU, na fomu ninayoishika kuliko zote ni PHQ-9. Ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: huzuni, kukosa hamu, usingizi, uchovu, kujilaumu, hadi mawazo ya kujidhuru. Kila swali lina alama 0 hadi 3, na anayefikisha 10 tunamchunguza zaidi, huenda ana sonona. Nikijumlisha, wanawake ndio wenye alama za juu, na tafiti nyingi zinasema hivyohivyo. Wenzangu wengi huishia hapo. Mimi nimeacha kuishia hapo.

Huzuni ya akina mama ni ya kweli, tena ina chanzo. Kwanza ndio wengi: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 hapa Tanzania ulikuta VVU kwa asilimia 5.6 ya wanawake wa miaka 15 na zaidi, na asilimia 3.0 ya wanaume. Kisha wengi hupimwa kliniki ya wajawazito. Mama amekwenda kuangaliwa mimba, anarudi nyumbani na majibu ambayo mumewe hana. Na aliyejua kwanza ndiye anayeambiwa kauleta. Nimekaa na akina mama wanaohamishia vidonge kwenye mfuko wa nailoni papo hapo kliniki, chupa wakaitupa, maana chupa hulia ndani ya mkoba na wifi ana masikio. Huyo ukimpa dawa ya sonona bila kuuliza nani nyumbani anajua, na kodi analipa nani, utakuwa umemtibu nusu.

Wanaume huja wamechelewa, mara nyingi tayari wana kifua kikuu, wameletwa na mke au dada. Ukimuuliza kama ana huzuni, atakujibu, "Hapana daktari, niko sawa." Lakini kadi inaonyesha tarehe mbili za dawa zimempita, na mkewe anasema siku hizi anakunywa kila jioni na watoto wanamkimbia. PHQ-9 haiulizi pombe wala hasira. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la pombe la maswali 10, AUDIT, na naamini lingepaswa kukaa meza moja na hiyo fomu nyingine. Duniani kote wanaume wanaokufa kwa kujiua ni karibu mara mbili ya wanawake au zaidi, kwa hiyo alama ndogo ya mwanamume hainitulizi hata kidogo.

Nao naanza na usingizi, kwa sababu usingizi hauna aibu. (Kwanza nauliza dawa anameza saa ngapi: dolutegravir, dawa ya VVU, huwakosesha wengine usingizi, na kuihamishia asubuhi mara nyingine kunatosha.)

Baba mmoja alipata alama 4. Dawa alikuwa akimeza asubuhi. Tulipofika kwenye usingizi akasema huamka saa nane usiku, akatoka kukaa barazani hadi alfajiri.

"Unafanya nini huko nje, mzee wangu?"

Alinyamaza kitambo. "Nahesabu watoto wana miaka mingapi, na kila mmoja atakuwa darasa la ngapi nikishakufa."

Fomu niliiweka pembeni. Nikamwandikia arudi baada ya wiki moja, asisubiri tarehe ya dawa.